Maoni: Kulipia msichana minervali si kumnunua

Nilikuwa G2 nilipokutana na kitabu hiki mara ya kwanza. Kilikuwa fotokopi ya Kifaransa isiyo na jalada, kurasa zimeshonwa kwa uzi, na kilikuwa kimekwisha kupita mikononi mwa wasichana wengi wa homu kabla ya kunifikia. Sisi wavulana tulikuwa tukisema kwamba ni kitabu cha wasichana. Jioni moja umeme ulikatika Bukavu, silabusi niliyokuwa nayo ilikuwa ya kuchosha, nikakichukua na kuanza kusoma kwa mwangaza wa simu. Nilicheka peke yangu mpaka mwenzangu wa chumba akauliza kama nina malaria.

Nilipokirudisha kwa mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa ameniazima, nilimwambia kwamba kimenifurahisha sana. Yeye hakucheka. Alizipanga vizuri zile karatasi, kisha akaniuliza: "Ndugu yangu, na kama msichana huyu angelikataa?"

Sikuelewa swali lake siku ile. Nililielewa miezi kadhaa baadaye, nilipojua ni nani aliyekuwa akimlipia masomo. Leo nataka kujaribu kumjibu, kwa sababu naamini kitabu chenyewe kina sehemu kubwa ya jibu, na kwa sababu swali lake bado linatembea katika vyuo vikuu vyetu.

Kitabu kinaitwa Daddy-Long-Legs, kwa Kifaransa Papa-Longues-Jambes. Kiliandikwa na mwanamke wa Marekani, Jean Webster, na kilitoka mwaka 1912. Ni hadithi ya mapenzi ya kuchekesha, na karibu yote inapita chuoni, katika chuo cha wasichana. Mwandishi hakukitaja chuo hicho kwa jina, lakini yeye mwenyewe alisoma chuo cha Vassar, katika jimbo la New York, akamaliza mwaka 1901, na anayajua maisha anayoyaeleza: mitihani, vyumba vya kushirikiana, wenzako wenye pesa na wewe huna. Kucheka kulikuwa jambo la ukoo kwao. Mama yake alikuwa mtoto wa dada yake Mark Twain, yule mwandishi aliyechekesha Marekani nzima.

Msichana aliyemchekesha tajiri

Hadithi ni hii. Jerusha Abbott ni yatima mwenye umri wa karibu miaka 18. Amelelewa katika makao ya mayatima yanayoitwa John Grier. Hata jina lake si la mama wala la baba: msimamizi wa makao alilitoa Jerusha kwenye jiwe la kaburi, na Abbott akalichukua kwenye kurasa za mwanzo za kitabu cha nambari za simu. Yeye ndiye mkubwa kuliko wote, kwa hiyo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, wakubwa wa baraza wanapokuja kutembelea makao, ndiye anayefuta vumbi, anayesugua sakafu na kuwavalisha watoto 97 nguo safi ili wageni waone kwamba mambo ni mazuri.

Juu ya siku hiyo ya kuchosha aliandika insha shuleni. Insha ilikuwa ya kuwacheka wakubwa wenyewe na makao yenyewe. Msimamizi aliikasirikia na kuiona ni utovu wa shukrani. Lakini mmoja wa wale wakubwa aliposikia ikisomwa alicheka, na akaamua kumpeleka msichana huyo chuo kikuu ili awe mwandishi. Tajiri huyo alikuwa amesomesha wavulana tu kabla ya hapo. Hakutaka kujulikana. Jerusha aliona kivuli chake tu ukutani, taa za gari zilipokirefusha: miguu mirefu na mikono mirefu kama mdudu yule mwenye miguu ya nyuzi. Ndiyo maana alimpa jina la Papa Miguu Mirefu.

Masharti yalitajwa siku ya kwanza. Ada na chakula vitalipwa moja kwa moja kwa chuo. Msichana atapewa dola 35 kila mwezi za matumizi yake, zitakazotumwa na katibu wa tajiri. Kwa upande wake ataandika barua moja kwa mwezi kueleza masomo yake na maisha yake, akiielekeza kwa "Bwana John Smith", ambalo si jina la kweli. Hapaswi kushukuru kwa pesa, na asitazamie jibu. Baada ya kurasa chache za mwanzo, kitabu chote ni barua hizo, pamoja na michoro ya kuchekesha ambayo Webster aliichora kwa mkono wake.

Kicheko cha mtu asiyejua

Chuoni Jerusha anajibadilisha jina na kujiita Judy. Kisha anagundua kwamba hajui mambo ambayo wenzake wote wanayajua. Darasani wanataja Michelangelo, yeye anafikiri ni malaika. Mtu anamtaja Maeterlinck, mwandishi wa Ubelgiji, naye anauliza kama ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Anagundua kwamba yeye peke yake chuoni hakukua na kitabu kile cha Little Women, kinachojulikana kwa Kifaransa kama Les Quatre Filles du docteur March. Hasemi neno kwa mtu. Anakwenda kimya kimya kukinunua kwa dola 1 na senti 12, na anaanza kusoma usiku ili awafikie wenzake.

Msomaji wa Kivu hahitaji kuelezewa kicheko hicho. Sisi wote tumemwona mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyefika kutoka Shabunda au Mwenga na sanduku moja, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, naye anatingisha kichwa darasani kana kwamba anaelewa. Wengine kati yetu ndio tulikuwa mwanafunzi huyo. Mimi nilikaa majuma matatu nikidhani asistanti anaposema "angalieni kwenye valve" anazungumzia mfereji wa maji. Kumbe ni ubao wa matangazo.

Uzuri wa Judy ni kwamba anajicheka mwenyewe kabla wengine hawajamcheka, lakini hajidharau. Krismasi moja, katika pesa aliyopewa kama zawadi, anajinunulia soksi ndefu za hariri, na anakiri wazi sababu: Julia Pendleton, msichana wa ukoo mkubwa, huwa anakuja kuketi chumbani mwake akiwa amevaa za namna hiyo. Ni upuuzi, anajua. Lakini mtoto aliyevaa nguo za msaada maisha yake yote, nguo ambazo mwenye kuzitoa anaweza kukaa dawati la pili na kuzitambua, ana haki ya upuuzi kidogo. Webster anatuchekesha kwa soksi, huku akitueleza aibu ya kuvaa msaada.

Wako watu watakaosema kwamba hizi ni hadithi za kupitisha wakati, na kwamba katika inchi yenye vita na mayatima wengi kama yetu, mwandishi wa habari ana mambo makubwa zaidi ya kuandika. Nawajibu kwamba ni kwa sababu hiyo hasa. Huku mashariki mwa Kongo yatima si mtu wa vitabuni. Ni mtoto wa jirani, ana diploma ya serikali mkononi, na anatafuta mtu wa kumlipia. Anayempata mtu huyo anapata pia swali la mwenzangu: nikikataa, itakuwaje?

Mara tatu alikataa

Tusome basi kitabu kwa swali hilo. Judy anakataa mara ngapi?

Mara ya kwanza ni sheki ya dola 50. Judy alikuwa ameandika kwa utani juu ya kofia nzuri alizoziona dukani, na tajiri akatuma pesa azinunue. Judy alirudisha sheki. Alieleza kwamba kuzungumza juu ya kofia si kuomba kofia, na kwamba hataki kupokea zaidi ya kile walichopatana.

Mara ya pili ni kubwa zaidi. Kwa sababu ya kufanya vizuri katika Kiingereza, chuo kinampa bursi ya kulipia ada na chakula kwa miaka miwili iliyobaki. Tajiri anatuma neno kupitia katibu kwamba aikatae. Judy anaipokea. Anasema wazi kwamba ameipata kwa kazi yake, na kwamba maneno yakiendelea ataacha hata zile pesa za mwezi na kuanza kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaoshindwa. Kama tajiri ana pesa iliyobaki, amsomeshe msichana mwingine wa John Grier.

Mara ya tatu tajiri anataka kumpeleka Ulaya wakati wa likizo. Nani kati yetu angekataa? Judy amekwisha kukubali kazi ya kufundisha mabinti wa familia moja wakati wa kiangazi, kwa dola 50 kwa mwezi. Anachagua kazi. Hapo kuna kichekesho kizuri, kwa sababu Jervis Pendleton, baba mdogo wa Julia, kijana tajiri ambaye Judy ameanza kumpenda, anakuja kumgombeza uso kwa uso kwamba kukataa safari hiyo ni ujinga. Judy anamkatalia naye pia. Msomaji amekwisha kushuku jambo ambalo Judy halijui: kwamba Jervis na Papa Miguu Mirefu ni mtu mmoja. Kwa hiyo siku ile alimkatalia mwanamume mmoja mara mbili.

Sasa tazama kilichofuata. Baada ya kukataa kofia, ada iliendelea kulipwa. Baada ya kupokea bursi kwa nguvu, pesa za mwezi hazikukatika. Baada ya kukataa Ulaya, hakuna mtu aliyemwondoa jina kwenye orodha ya mitihani. Hili ndilo jibu la kwanza kwa mwenzangu. Judy angeweza kukataa, na alikataa, kwa sababu tatu zilizo wazi ndani ya kitabu. Masharti yalijulikana toka siku ya kwanza. Pesa ya ada ilikwenda kwa chuo, haikutoka mkono wa mwanamume kwenda mkono wa msichana. Na Judy mwenyewe alikuwa na kazi ya kumlisha: kalamu yake, na akili ya kufundisha wengine.

Doa la kitabu

Sitaki kukisifu kupita kiasi. Kitabu kina doa, na wasichana wa homu waliliona kabla yangu.

Jervis anajua kila kitu, Judy hajui kitu. Anakuja chuoni kama mgeni wa Julia, anatembezwa na Judy kwa sababu Julia ana masomo, wanakunywa chai, kisha anarudi nyumbani kungojea barua itakayomweleza jinsi alivyoonekana. Tunacheka, na tuna haki ya kucheka. Lakini barua zilezile zinamweleza pia juu ya Jimmie McBride, kaka ya rafiki yake Judy. Judy anapoalikwa kupumzika na familia ya McBride katika kambi yao, katibu anaandika kwamba Bwana Smith hapendi aende huko, aende shambani Lock Willow. Hakuna sababu inayotolewa. Judy anakasirika, lakini anakwenda shambani. Na ni nani anayekuja kupumzika katika shamba lilelile? Jervis.

Kwa maneno mengine, mtu aliyesema hatadai chochote ila barua alitumia pesa yake kumweka mbali na kijana mwingine. Ukiondoa utani, huo ni wivu wenye sheki mkononi. Msichana wa huku kwetu anayepigiwa simu saa nne za usiku na "parrain" wake aulizwe yuko wapi na nani anaujua wivu huo, ila wake hauna utani.

Wale waliotengeneza filamu walizidisha doa. Katika kitabu Jervis anamzidi Judy miaka 14. Katika filamu ya Hollywood ya mwaka 1955 mwanamume alichezwa na Fred Astaire, aliyezaliwa 1899, na msichana, ambaye safari hii ni yatima wa Ufaransa, alichezwa na Leslie Caron, aliyezaliwa 1931. Hesabu ifanye mwenyewe.

Lakini Webster hakuwa mjinga, na mwisho wa kitabu unaonyesha kwamba alilijua swali. Jervis anapomwomba Judy waolewane, Judy amekwisha kumaliza chuo. Anampenda, lakini anasema hapana. Anaona aibu kumwambia mtu wa ukoo mkubwa kwamba yeye ni mtoto asiyejulikana wazazi. Anamwandikia Papa Miguu Mirefu kumweleza huzuni hiyo, bila kujua anamwandikia mtu yuleyule. Na katika barua hiyohiyo anaambatisha sheki ya dola 1,000. Ameuza riwaya yake. Anaanza kulipa deni, na anasema bado zimebaki zaidi ya dola 2,000, atazilipa kidogo kidogo.

Niliposoma sehemu hiyo kwa fotokopi niliiruka haraka, nikitaka kujua kama wataoana. Nimeisoma tena mwaka huu, na naona ndiyo moyo wa kitabu. Webster hakutaka Judy aingie katika ndoa kama kitu kilicholipiwa. Kabla ya kumfungulia mlango wa mapenzi, alimweka kwanza kwenye meza ya hesabu. Anaposema ndiyo mwishoni, amekwisha kusema hapana, na amekwisha kutuma pesa. Ndiyo ya mtu asiyeweza kusema hapana si mapenzi.

Tukumbuke pia ni mwaka gani. Mwaka 1912 wanawake wa Marekani walikuwa hawajapata haki ya kupiga kura katika inchi nzima. Katiba iliwapa haki hiyo mwaka 1920. Judy anafanya utani chuoni juu ya kusomeshwa kuwa raia asiye na kura. Webster mwenyewe hakuiona siku hiyo. Alifariki mwezi wa sita mwaka 1916, akiwa na miaka 39, mara baada ya kujifungua binti yake. Kwa hiyo anayesema kwamba mambo haya yalikuwa rahisi kwa wazungu hajui hadithi yenyewe.

Toka Japani mpaka Nansana

Kuna inchi moja ambayo ilikichukua kitabu hiki cha kuchekesha na kukifanya kazi. Huko Japani kinaitwa Ashinaga Ojisan, yaani mzee wa miguu mirefu. Mwanamume mmoja, Yoshiomi Tamai, aliyefiwa na mama yake kwa kugongwa na gari, alianza miaka ya 1960 kupigania watoto waliopoteza wazazi barabarani ili wapate kusoma. Kazi hiyo ikazaa shirika ambalo leo linaitwa Ashinaga, kwa jina la kitabu. Watu wanaolichangia wanaitwa Ashinaga-san.

Shirika hilo lilifika mpaka kwa jirani zetu wa Uganda, ambako lilifungua mwaka 2003 nyumba ya watoto waliofiwa na wazazi kwa ajili ya UKIMWI, huko Nansana, karibu na Kampala. Baadaye, toka mwaka 2014, likaanzisha mpango wa kuwasaidia vijana wa Afrika kusini mwa Sahara, waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, wasome vyuo vikuu nje ya bara.

Sitaji shirika hilo ili kulifanyia matangazo. Nalitaja kwa sababu Wajapani walichagua vizuri cha kuchukua na cha kuacha. Walichukua mtu anayetoa bila kujionyesha, na mtoto anayesoma bila kupiga magoti. Wakaacha sehemu ya Jervis. Kati ya anayetoa na anayepokea kuna ofisi, kuna hesabu, kuna masharti yaliyoandikwa. Mchangiaji hana nambari ya simu ya msichana.

Kwetu je?

Sasa nirudi kwa mwenzangu. Aliyekuwa akimlipia minervali alikuwa mfanyabiashara, rafiki wa marehemu baba yake. Alianza vizuri. Alimsaidia mjane kilio kilipokwisha, akasema mtoto lazima amalize masomo. Hakukuwa na masharti, na hapo ndipo tatizo lilianzia, kwa sababu deni lisilo na hesabu halina mwisho. Pesa ilitoka mkononi mwake, kila sesheni, baada ya msichana kwenda kuiomba. Kwanza aliambiwa apite dukani. Kisha aliambiwa apite jioni. Kisha aliambiwa kwamba dukani kuna watu wengi, afadhali hoteli.

Alikataa. Minervali ya mwaka ule haikulipwa. Jina lake halikuonekana kwenye valve kati ya wale walioruhusiwa kufanya mitihani, na sisi wenzake tulidhani amebadilisha chuo. Nyumbani waliomlaumu walikuwa wengi kuliko waliomtetea. Shangazi mmoja alimwambia kwamba ana kiburi, kwamba mzee yule amewatendea mema mengi. Kiburi na kukosa shukrani: ni yaleyale ambayo msimamizi wa makao alimlaumu Judy kwa insha yake.

Najua hoja ya upande mwingine, na si ya kudharau. Watu husema: serikali haitoi bursi za kutosha, mishahara ya wazazi ni midogo, vita vimewamaliza wenye mashamba. Ukianza kuwashuku wanaolipa, wataacha kulipa, na wasichana watabaki nyumbani. Ni kweli kwamba wengi wanaolipia watoto wa wengine huku kwetu ni watu wa heshima. Mimi mwenyewe nililipiwa mwaka mmoja na mjomba, na mwaka mwingine na mapadri. Lakini mtu wa heshima hapotezi kitu akiambiwa alipe kwa utaratibu. Anayekasirika ni yule mwenye nia nyingine.

Kwa hiyo namwomba msomaji mambo matatu, na yote matatu yako ndani ya kitabu cha kuchekesha.

Wewe unayemlipia mtoto wa mwingine, uwe Goma, Uvira au Ulaya, lipa kwenye akaunti ya chuo, na bordero ipite kwa mzazi au kwa ofisi. Usimwite msichana kuja kuchukua. Sema toka mwanzo unalipia miaka mingapi na unataka nini, na kama unachotaka huwezi kukisema mbele ya mama yake, usilipe.

Ninyi mnaoongoza vyuo, msiwaachie wanafunzi maskini njia moja tu. Judy alipata nguvu ya kusema hapana siku chuo kilipompa bursi kwa sababu ya alama zake. Kusamehewa ada kwa wanafunzi wachache wanaofanya vizuri, kazi ndogo katika maktaba, ruhusa ya kulipa kidogo kidogo mpaka kabla ya mtihani: haya si mambo makubwa katika bajeti ya chuo, lakini kwa msichana mmoja ni tofauti kati ya kupita hotelini na kupita nyumbani.

Nawe mwanafunzi, andika. Andika unachopewa, siku gani, na nani. Tafuta kitu kimoja ambacho mikono yako au akili yako inaweza kuuza, hata kama ni kufundisha watoto wa jirani hesabu au kushona. Na ucheke. Judy alikuwa anamwandikia mtu mkubwa asiyemjua, na bado alimtania juu ya kipara chake, kama anacho. Kumcheka kidogo anayekulipia kunakukumbusha kwamba naye ni mtu, si mungu. Yule asiyevumilia hata utani mdogo, jihadhari naye mapema.

Mwenzangu hakurudi chuoni. Leo anauza vitambaa katika soko la Kadutu, na ulimi wake ni mkali kuliko wa mwanasheria. Tulionana mwaka jana. Aliniambia kwamba anamlipia mtoto wa dada yake marehemu, msichana aliye mwaka wa pili wa uuguzi, na kwamba bordero anazipeleka mwenyewe benki. Nilikumbuka ile fotokopi, nikamuuliza kwa utani kama na yeye ameweka sharti la barua kila mwezi.

Alicheka. Akasema sharti lipo, lakini ni ujumbe wa simu tu, kila Jumapili jioni.

"Unataka akueleze nini?" nikauliza.

"Kama amekula," akasema, akarudi kumpimia mteja kitenge chake.